Somo la Usalama Kazini: Simu ya Kiwanda na Mahali Ulipo



Tukizungumza juu ya usalama kazini, hutaja glavu, buti, kofia ngumu na mitungi ya kuzimia moto. Ni mara chache tunaitaja simu iliyo ukutani. Somo hili linaeleza kwa nini simu nayo ni chombo cha usalama, na kwa nini daftari linaloonyesha kila simu iko wapi ni jambo la wafanyakazi wote, si la fundi wa simu peke yake. Mfano wetu unatoka Marekani, ambako jambo hili limewekewa sheria.

1. Tatizo lenyewe

Huko Marekani mwenye hatari hupiga namba 911. Simu ya kwanza ya namba hiyo ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji wa Haleyville, jimbo la Alabama. Siku hizi anayepokea huona mbele yake namba inayopiga na anwani iliyoandikishwa kwa namba hiyo. Kwa simu ya waya ya nyumbani kazi ni rahisi: namba moja, nyumba moja.

Kiwandani sivyo. Simu nyingi za ndani hupitia mtambo mmoja, na huenda zote zikatoka nje kwa namba moja ya ofisi kuu. Mfanyakazi akianguka katika ghala la nyuma, anayepokea huona anwani ya ofisi kuu, ambayo pengine iko mtaa mwingine kabisa. Gari la wagonjwa hufika kwenye ofisi za wakubwa, na majeruhi yuko kwingine.

Mtu atasema: "Si apige kelele aseme alipo?" Lakini aliyeumia huenda hawezi kusema. Mashine zinanguruma. Tena wako wafanyakazi wahamiaji, miongoni mwao wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, ambao wengine Kiingereza chao bado ni kichache. Hapo daftari ndilo linalosema kwa niaba yao.

Simu za intaneti zimeongeza ugumu. Chombo huchomolewa chumba hiki, kikachomekwa jengo jingine, na namba yake haibadiliki. Mtu amehama, daftari halikuhama.

2. Sheria ilivyopatikana

Tarehe 1 Desemba 2013, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli mjini Marshall, jimbo la Texas. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara nne bila kupata jibu, kwa sababu simu ya hoteli ilidai kwanza ibonyezwe 9 ya kutokea nje. Mtoto alifanya alivyofundishwa. Mtambo ndio uliomzuia. Baba wa marehemu alipigania mabadiliko, na tarehe 16 Februari 2018 Sheria ya Kari ilitiwa sahihi. Sheria hiyo inataka 911 ipatikane moja kwa moja bila namba ya kutangulia, na mtu wa mapokezi au ulinzi ajulishwe simu hiyo inapopigwa, ikiwa mtambo unaweza kufanya hivyo.

Mwezi Machi 2018 ilipitishwa sheria nyingine, iitwayo ya Ray Baum. Kwa kanuni zilizofuata mwaka 2019, anwani ya barabara peke yake haitoshi pale penye majengo au ghorofa nyingi: yatajwe pia jengo, ghorofa au chumba. Kwa simu zisizohamishwa kanuni hiyo ilianza tarehe 6 Januari 2021. Kwa zinazohamishwa, tarehe 6 Januari 2022.

Tuangalie udhaifu wake: sheria hizi zinahusu mitambo iliyotengenezwa, kuuzwa au kufungwa baada ya tarehe 16 Februari 2020. Mtambo mkuukuu unaweza kubaki nje ya sheria, na mfanyakazi akabaki hatarini.

3. Daftari zuri likoje?

(a) Kila namba ina anwani kamili, jengo, ghorofa na chumba au karakana.
(b) Anwani imehakikiwa na kampuni ya simu. Jina ambalo wenyeji tu hulijua, kama "ghala la zamani", halimsaidii dereva mgeni.
(c) Simu ikihamishwa, daftari hubadilishwa siku hiyo hiyo.
(d) Yuko mtu mmoja anayewajibika, na mwingine wa kumshika mkono akiwa likizo.
(e) Simu ikikatika, namba iliyoonekana ikipigwa ipokelewe na mtu, hata usiku.
(f) Daftari hujaribiwa. Huko Marekani baadhi ya makampuni ya simu yametenga namba 933, ambayo humsomea mpigaji anwani iliyoandikishwa. Tusipige namba ya dharura yenyewe kwa majaribio bila kupatana na wahusika.

4. Wajibu wetu

Sheria hiyo ni ya Marekani, lakini swali lake ni la kila kiwanda na kila shamba: msaada ukiitwa, utajua pa kwenda? Wajumbe wa usalama wapite kila simu wakilinganisha daftari na ukweli. Karibu na kila simu kibandikwe kibao chenye jina la mahali na lango la kuingilia. Mlinzi wa zamu ya usiku ajue ni lango lipi afungue. Mambo haya yaandikwe katika mapatano na mwajiri, maana ahadi ya mdomo huondoka pamoja na meneja aliyeitoa.

Maswali ya kujadili

1. Simu iliyo karibu nawe huonyesha namba gani inapopiga nje?
2. Mara ya mwisho simu ilipohamishwa, nani aliandika?
3. Usiku wa manane, nani atalipokea gari la wagonjwa langoni?