Bustani ya Mboga ya Pamoja

Mgori iko katika mkoa wa Singida. Huko mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miaka ya 1990 wanavijiji walianza kuulinda msitu wa Mgori kwa pamoja. Bustani ya mboga nayo yaweza kutunzwa hivyo: watu hujitolea kulima, humwagilia kwa zamu, kisha hugawana mavuno. Zamu za kila mtu huandikwa daftarini.

Jambo gumu ni maji ya kiangazi. Jua na upepo huyageuza maji ya udongoni kuwa mvuke kabla mizizi haijayafyonza. Mtu mmoja akikosa zamu yake, mchicha wa wote hunyauka.

Nyasi kavu zikitandazwa juu ya tuta huukinga udongo. Nyasi hizo huitwa matandazo. Zikioza huwa mboji. Zisiguse mashina, yasije yakaoza.

Jaribio

Tengenezeni matuta mawili yaliyo sawa. Pandeni miche ya mchicha. Tandazeni nyasi kwenye tuta moja tu. Mwagilieni kila tuta ndoo moja ya maji. Baada ya siku mbili, chomekeni kidole udongoni. Tuta lipi lina unyevu zaidi? Kwa nini?