Nyota Nazo Huzeeka

Zaburi ya 102 yafananisha mbingu na vazi lichakaalo. Wengine hushindwa kusadiki, maana nyota ni zile zile walizoziona babu zetu. Basi, mwaka 1867 huko Paris, Charles Wolf na Georges Rayet walitawanya nuru ya nyota kwa kioo, kama upinde wa mvua. Nyota nyingi huonyesha mistari myeusi. Tatu zilionyesha mistari mipana ing'aayo. Sasa twajua sababu: ni nyota kubwa mno zilizozeeka, na upepo mkali utokao kwazo umezivua haidrojeni iliyozifunika. Ni adimu. Moja, Gamma Velorum, huonekana Murukulazo jioni za Machi, upande wa kusini, kushoto kwa Suheli. Imeambatana na mwenzake, nasi twaziona kama nyota moja.