SOMO JUU YA KUTENGENEZA USO WA MUTU ALIYEPONA UKOMA

Somo hili ni kwa mutu aliyemaliza dawa ya ukoma, lakini alama za ugonjwa zingali usoni mwake. Ni kwa jamaa yake vilevile, na kwa washiriki wa kanisa wanaoketi karibu naye. Ugonjwa wake umekwisha. Lakini watu wanatazama mashavu yake yaliyolegea na nyusi zisizo na nywele, wanasema: «Angali mugonjwa.» Sokoni wanapita mbele ya mihogo yake bila kununua.

Wanganga wanaweza kutengeneza uso wa namna hii. Lakini upasuaji si neno la kukubali kwa haraka. Soma kwanza, uulize, halafu ukate shauri.

1. Namna ukoma unavyoharibu uso

Ukoma si laana wala uchawi. Unaletwa na mududu mudogo sana, asiyeonekana kwa macho tu. Munganga Hansen wa Norwei alimwona katika mwaka wa 1873. Mududu huyu anapenda sehemu za mwili zenye baridi: ngozi, masikio, pua, na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Ndiyo sababu uso unaumizwa sana.

Wadudu wakiwa wengi, ngozi ya uso inakuwa nene na yenye vinundu. Masikio yanakuwa marefu. Nywele za nyusi zinaanguka, kuanzia upande wa nje. Mufupa mwororo wa ndani ya pua unaharibika, na pua inabonyea. Na mushipa wa fahamu wa uso ukiumia, jicho halifungiki vema.

Halafu mugonjwa anameza dawa. Wadudu wanakufa, uvimbe unashuka. Lakini ngozi iliyonyoshwa kwa muda murefu hairudi yote mahali pake. Ni kama gunia lililotolewa mihogo: linabaki limelegea. Hivi kijana anaonekana kama muzee, ingawa nguvu zake ni za ujana.

2. Dawa kwanza, kisu nyuma

Hakuna kisu kinachoponyesha ukoma. Unaponyeshwa kwa dawa. Tangu mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani linashauri kutumia dawa zaidi ya moja kwa pamoja, nazo ni rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye wadudu wachache anazitumia miezi 6, mwenye wadudu wengi miezi 12. Tangu mwaka wa 1995 dawa hizi zinatolewa bure.

Munganga hatapasua uso wako kama ugonjwa ungali na nguvu. Atataka kujua kwamba umemaliza dawa. Tena atauliza kama umepata shambulio la ukoma, maana yake uvimbe wa ghafula, homa, au maumivu ya mishipa. Kama umelipata, utangoje hata miezi 6 ipite bila shambulio lingine. Akipasua mbele ya wakati huo, shambulio jipya linaweza kuharibu kazi yote.

Kama jicho au mukono umeanza kulegea juzi juzi tu, usingoje upasuaji. Enda hospitali leo. Kuna vidonge vya prednisoloni vinavyoweza kurudisha nguvu za mushipa, lakini vinafaa wakati mushipa haujakaa miezi mingi katika hali ile. Usivinunue sokoni; vinatolewa kwa kipimo, na munganga anakuangalia.

3. Jicho ni la kwanza

Watu wengi wanaofika kwa munganga wanaomba mashavu au nyusi. Munganga mwenye akili anatazama jicho kwanza. Jicho lisilofungika linakauka. Vumbi na nzi vinaligusa. Na kama jicho limepoteza fahamu, mwenyewe hasikii maumivu. Kidonda kinaingia polepole, naye anakuwa kipofu. Mashavu yaliyolegea hayajafanya mutu kuwa kipofu.

Kwa jicho lililokwisha kulegea kabisa, wanganga wanaweza kuchukua kipande cha musuli wa kutafuna, ulio kando ya kichwa, na kukivuta hata kwenye kope. Nyuma ya hapo mugonjwa anafunga jicho kwa kuuma meno. Anapaswa kujizoeza kila siku, sababu musuli ule ulijua kazi ya kutafuna tu.

4. Kazi nyingine ambazo wanganga wanafanya

Kazi hizi si mupya. Munganga Harold Gillies, muzaliwa wa New Zealand, alitengeneza kule Uingereza nyuso za askari walioumizwa katika vita vya 1914 hata 1918. Munganga Paul Brand alifika Vellore, Uhindi, katika mwaka wa 1946. Yeye na wenzake walianza na mikono ya watu wenye ukoma, halafu wakatengeneza pua na nyusi pia, kwa sababu watu waliendelea kuogopa uso wa yule aliyepona.

Kuvuta ngozi ya uso. Munganga anakata mustari mbele ya sikio na nyuma yake, akiuficha katika nywele. Anatenga ngozi na nyama ya chini, anaivuta juu na nyuma, anakata ile iliyozidi, anashona. Katika miji mikubwa na nchi za ng'ambo, watu wazima wanafanyiwa kazi hii hii kwa sababu ya makunyanzi ya uzee. Hatari zake ni zile zile kwao.

Sikio. Kipande cha sikio kilichorefuka kinakatwa, na kingo zinashonwa.

Nyusi. Ngozi ya kichwa yenye nywele inahamishwa juu ya jicho. Usishangae: nywele hizi zinaendelea kukua kama za kichwa, na utazikata kwa makasi.

Pua. Munganga anaingia chini ya mudomo wa juu, anafungua makovu ya ndani, anaweka ngozi nyembamba. Mara nyingine anaongeza mufupa uliotolewa kwenye nyonga.

5. Hatari za kuvuta ngozi ya uso

Munganga asiyekuambia hatari, umuulize. Hatari ya kwanza ni damu kukusanyika chini ya ngozi, na mara nyingi inatokea katika saa 24 za kwanza. Kwa mutu mwingine maumivu makali ya upande moja ni onyo. Lakini wewe uliyekuwa na ukoma, pengine uso wako hausikii maumivu. Kwa hiyo usitegemee maumivu. Mutu mwingine akutazame mara nyingi: upande moja ukivimba na kukaza kuliko wa pili, aite muuguzi hata kama ni usiku.

Tena kidonda kinaweza kuoza, au ukingo wa ngozi kufa. Mushipa unaotembeza uso unaweza kuumizwa, na mudomo ukapinda. Mara nyingi unarudi nyuma ya wiki au miezi, lakini si siku zote. Sikio linaweza kubaki na ganzi. Na ngozi nyeusi inaelekea zaidi kuota makovu manene. Kama kidonda chako cha zamani, au cha ndugu yako, kiliota kovu la namna hiyo, umwonyeshe munganga mbele ya kukubali.

6. Kujitayarisha

Usimufiche munganga neno. Umwambie kama una damu yenye nguvu kupita kiasi, au ugonjwa wa sukari, au kama damu yako haikauki upesi. Umwambie dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti. Aspirini inazuia damu kukauka. Lakini usiache dawa uliyopewa na munganga bila yeye kukuambia. Kama unapaka mafuta ya kufanya ngozi iwe nyeupe, useme vilevile, maana mengi yana dawa zinazodhoofisha ngozi, na kidonda hakitapona vema.

Acha tumbako wiki 4 mbele ya upasuaji na wiki 4 nyuma yake. Moshi wake unapunguza damu inayofika kwenye ngozi iliyovutwa, na ngozi isiyopata damu inakufa.

Uulize maneno haya: Nani atanipasua? Amekwisha kufanya kazi hii mara ngapi? Nitalala hospitali siku ngapi? Gharama yote ni franga ngapi, pamoja na dawa na safari ya kurudi? Nikipata hatari nyumbani, nitakwenda kwa nani? Asiyetaka kujibu maulizo haya, usimupe uso wako.

Shauri ni lako mwenyewe. Bwana, mama mukwe au muzee wa kanisa anaweza kukushauri, lakini asikulazimishe wala kukukataza kwa haya.

7. Siku zinazofuata

Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Usiiname. Uso utavimba na kuwa na alama za damu wiki 2 au 3. Usihuzunike ukijiona katika kioo siku ya tatu. Nyuzi za uso zinatolewa karibu na siku ya 5 hata ya 7, zile zilizo katika nywele zinakaa zaidi.

Wamama wanaobeba kitunga mugongoni kwa kamba ya paji la uso, musikilize vema: kamba ile itakandamiza mishono na kuvuta ngozi. Muiache hata munganga aruhusu. Jamaa ipange mapema nani atachota maji na kuleta kuni. Na usikae karibu na moto: ngozi yenye ganzi inaungua bila kukuambia.

8. Yale ambayo kisu hakiwezi

Upasuaji hauzuii uzee. Ngozi italegea tena miaka ikipita. Haurudishi fahamu katika vidole wala katika jicho. Utaendelea kutazama mikono na miguu yako kila jioni.

Tena kisu hakitengenezi moyo wa jirani. Ninyi washiriki, mutu aliyemaliza dawa hawezi kuwaambukiza. Mumupe mukono, mununue mihogo yake, muketi naye kwenye benchi moja, awe amepasuliwa au hapana. Asiyetaka kupasuliwa hana kosa. Uso wake ni wa mutu aliyepona.

Maulizo

1. Nini kinaponyesha ukoma: dawa au kisu?
2. Kwa sababu gani munganga anatazama jicho mbele ya mashavu?
3. Kwa sababu gani aliyekuwa na ukoma asitegemee maumivu kumwonya?
4. Katika kanisa lako, ni nani aliyepona lakini angali akiketi peke yake? Utafanya nini juma hili?