Lenzi Iliyomo Ndani ya Deki Mbovu

Kabla hujaulizia bei ya lenzi maalumu za kupigia picha wadudu, pita kwa fundi redio wa mtaani kwenu. Chini ya meza yake hazikosekani deki zilizokufa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mwombe afungue moja ambayo haijaunganishwa na umeme, akutolee ile lenzi ndogo inayosomea diski. Ni kama punje ya dengu tu, lakini ukiiweka mbele ya kamera ya simu utaona hadi vinyweleo vya mguu wa nzi.

Chukua pini nyembamba ya nywele, itanue kidogo, uibane lenzi kwenye ncha zake, kisha uigandishe nyuma ya simu kwa selotepu. Lenzi ikae katikati kabisa ya jicho la kamera. Jaribu pande zake zote mbili, maana mmoja hutoa picha safi kuliko mwingine. Kama simu ina kamera tatu, funika moja moja kwa kidole ujue ni ipi inayofanya kazi.

Sasa utalazimika kusogea mpaka kitu kiwe milimita chache tu kutoka kwenye lenzi. Usivute picha kwa vidole kwenye kioo, kwa kuwa hilo hukuza ukungu pamoja na picha. Sogeza simu yenyewe, taratibu, mbele na nyuma, huku ukipiga mfululizo. Ukipiga ishirini ukapata moja safi, umefanya vizuri. Kadiri unavyokaribia, ndivyo sehemu inayoonekana vizuri inavyozidi kuwa nyembamba, hata chini ya milimita moja. Kwa hiyo ninamsihi anayeanza asikimbilie wadudu. Aanze na vitu bapa visivyotembea: nyuzi za kanga, stempu, sarafu, ubawa wa kumbikumbi ulioanguka chini ya taa. Simu iegemezwe juu ya vitabu pande mbili, na kipima muda kiwekwe sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise.

Watu wengi huishia kwenye lenzi, wakasahau mwanga, na hapo ndipo picha nyingi huharibikia. Simu ikikaribia mno, kivuli chake hufunika kile unachokipiga. Jua la mchana nalo huchoma mgongo wa mdudu ukawa mweupe, na tumbo likabaki jeusi. Dawa yake iko jikoni. Kata kipande cha chupa nyeupe ya maziwa, kizuie kati ya jua na mdudu, na mwanga utatawanyika kwa ulaini. Upande wa pili weka karatasi nyeupe ya daftari irudishe mwanga kwenye kivuli. Ningeambiwa nichague kati ya lenzi ghali na hicho kipande cha chupa, ningechagua chupa.

Mwenye kamera inayobadilishwa lenzi ana njia nyingine. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 igeuze, mbele ikae nyuma, uifunge kwa pete maalumu ya kugeuzia, ambayo bei yake ni ndogo sana kuliko ya lenzi. Bora zaidi ni zile za enzi za filamu zenye pete ya kufungia tundu la mwanga kwa mkono, kwa sababu lenzi ikigeuzwa kamera haiwezi tena kuiamuru. Funga tundu hadi f/8 au f/11, kisha sogea.

Pia kuna mirija mitupu, isiyo na kioo ndani, inayokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni nyepesi: mirija yenye urefu wa milimita 50 nyuma ya lenzi ya milimita 50 huleta kitu kwa ukubwa wake halisi, yaani nyuki wa milimita 12 huchukua milimita 12 kwenye kihisi. Ila mwanga unaofika hupungua hadi robo, kwa hiyo ile karatasi nyeupe usiiache nyumbani.

Kwa wadudu walio hai, toka alfajiri, umande ungali kwenye majani. Usiku huwapoza, na kereng'ende aliyepoa hubaki ameshikilia bua lake hata ukimsogelea. Usimguse. Piga magoti, shika lile bua kwa vidole viwili lisipepee, lenga jicho lake, na upige kabla jua halijamkausha mabawa.