Kilio cha Wanafunzi na Zaka Zetu

 

Tangu vijana wa vyuo vikuu walipoanza kupaza sauti juu ya ukubwa wa karo, wazee wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamekuwa wakiuliza maswali mawili. La kwanza: kijana wa Kiislamu aliyepelekwa kusoma, yamfalia kutoka njiani na kudai, au hiyo ni fitna? La pili huulizwa kwa sauti ndogo, nalo ndilo zito: je, yajuzu kumpa zaka mwanafunzi wa chuo kikuu?

Tuanze na hali yenyewe. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo kikuu cha umma alikuwa akilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na gharama nyingi zikibebwa na hazina ya nchi. Mwaka 2023 ukaletwa mpango mwengine. Wanafunzi wakagawanywa madaraja kwa kupimwa uwezo wa nyumba zao, na kila daraja likawekewa kiasi chake cha msaada, cha mkopo na cha kulipwa na mzazi. Kwa kuusikia tu, huo ni mpango wa insafu: asiye nacho asaidiwe zaidi. Lakini kipimo ni maswali yanayojibiwa kwa intaneti, na nyumba za kwetu hazipimiki kwa wepesi huo. Mtoto wa Mtongwe akaaye katika nyumba ya mirathi yenye warithi kumi, na babake leo ana kibarua bandarini na kesho hana, atahesabiwa kuwa na nyumba au kuwa hana? Wako waliojikuta wamepandishwa daraja la watu wenye uwezo, wakadaiwa fedha ambazo mzazi hajapata kuziona pamoja maishani mwake.

Mwezi wa Agosti 2024 viongozi wa wanafunzi wakatangaza mgomo, na serikali ikaunda kamati ya kuutazama upya mpango huo. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ikahukumu, kwa kesi iliyofunguliwa na watetezi wa haki za binadamu na wenzao, kwamba mpango huo wakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa. Na mwaka 2025 ikatangaza kuwa karo zitapunguzwa. Basi asiseme mtu kwamba vijana hawa walikuwa wakipiga kelele za bure.

Ama hukumu ya kudai, msomaji na airejee aya ya 148 ya Suratun-Nisaa. Humo Mwenyezi Mungu abainisha kuwa hapendi maneno mabaya kutangazwa, ila kwa mtu aliyedhulumiwa. Mwenye kudhulumiwa, basi, ana ruhusa ya kulalamika hadharani, na kumwita mfitini ni kumdhulumu mara ya pili. Lakini ruhusa hiyo ni ya ulimi na kalamu na kutembea kwa amani. Haimhalalishii mtu kuvunja duka la muuza mahamri wa Kongowea, ambaye hakuweka karo yoyote.

Liko na jambo jingine la kutazama, nalo ni kile kinachodaiwa. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kwa kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na miongoni mwa hayo ni kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao watakapokuwa katika utumishi huo. Rais Nyerere aliona kuwa watu waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wanajidai wao tu. Akawarudisha makwao takriban 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Mimi naona adhabu ilikuwa kali. Hata hivyo swali lake lingali na maana: wadai kwa ajili ya nani? Kijana anayetaka karo ipungue ili na nduguye aliye darasa la saba Bombolulu aje apate kuingia, huyo madai yake ni mapana kuliko tumbo lake.

Sasa tujitazame sisi. Chuo kikuu cha Tudor wanakosoma wengi wa vijana wetu wa bara kilianza kama chuo cha ufundi cha Waislamu, ambacho wazee wangali wakikiita MIOME. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 1951, na fedha za kukijenga zilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Zanzibar, kwa jamaa wa Kibohora na kwa serikali ya kikoloni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetuhimiza juu ya elimu katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah tangu miaka ya 1930, alifariki mwaka 1947, hakukiona kikifunguliwa. Mwaka 1966 kiligeuzwa jina, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, cha watu wote; wala hatusemi haya kwa kutaka kirudi kuwa cha Waislamu peke yao. Twasema ili ijulikane kwamba walikuwako Waislamu walioona kuwa kumsomesha fundi wa umeme au wa vyombo vya bahari ni kazi ya mali zao.

Na hayo si mapya. Imamu Ghazali ameihesabu ilimu ya utabibu na ya hisabu kuwa ni faradhi ya kifaya: mji usipokuwa na mwenye kuijua, watu wake wote wamo katika dhambi. Tena amewalaumu watu wa zama zake kwa kurundikana katika fani moja na kuuacha mji bila tabibu Mwislamu. Kama kupatikana kwa tabibu ni faradhi juu yetu, vipi gharama ya kumpata iwe ni ya mama muuza samaki wa Likoni peke yake?

Hapa ndipo penye masala ya zaka. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema, na Imamu Nawawi ni katika hao, kwamba mwenye kuweza kuchuma lakini ameshughulika na kutafuta ilimu za sharia, na kuchuma kungemkatiza, basi yajuzu apewe zaka. Wao wamezungumza juu ya ilimu za sharia. Baadhi ya maulamaa wa zama zetu wamewaingiza humo na wenye kutafuta kila ilimu yenye manufaa, na kwa kuwa utabibu na mfano wake ni faradhi ya kifaya, mimi naiona kauli hii kuwa na nguvu. Isitoshe, aya ya 60 ya Suratut-Tawba imewataja mafakiri na maskini mwanzo kabisa, wala haikumtoa humo aliyevaa shati safi na kushika kitabu.

Wala tusidhani haja yake ni karo tu. Kijana wa Likoni huvuka feri kwa miguu bila malipo, lakini akifika ng'ambo hana budi kulipa nauli ya matatu mpaka Tudor, na jioni vivyo hivyo. Akikosa, hutembea, na akiwa na njaa, hulala darasani.

Tena kuna mkopo. Ule wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, huwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Wanafunzi Waislamu wanapodai njia isiyo na riba wanadai haki, na yatupasa tuwaunge mkono kwa barua na kwa wajumbe. Ama tajiri anayemkataza kijana riba kisha asimfungulie mlango mwengine, huku zaka yake ikingojea kugawanywa shilingi mia mia mlangoni siku ya mwezi ishirini na saba, huyo ajiulize amemnusuru au amemkwamisha.

Yamebaki mambo ya kutenda. Zaka hukabidhiwa mwenyewe mstahiki au wakili wake. Kwa hivyo kamati ya msikiti ikitaka kulipa chuoni moja kwa moja, ipate kwanza idhini ya mwanafunzi. Baba hampi zaka mwanawe ambaye ni wajibu wake kumlisha, lakini ampe mtoto wa jirani, na jirani ampe wake. Majina yasisomwe kwa kipaza sauti. Na kwa kuwa wengi wetu hutoa zaka mwezi wa Ramadhani, na vyuo hufunguliwa mwezi wa Septemba, ijulikane kwamba katika madhehebu yetu mwenye mali iliyotimia nisabu aweza kuitanguliza zaka ya mwaka mmoja kabla haujatimia. Asingoje.