Deskitopu Nzuri Iliyomkwamisha Shangazi

Likizo iliyopita nilikaa Ipuli, hapa hapa Tabora mjini, nikimsaidia shangazi kwenye steshenari yake. Kompyuta moja, printa moja, na wateja ni wale wale mnaowajua: CV, nakala za vyeti, fomu za mkopo. Deskitopu yake ilitia aibu. Mafaili yalijaa skrini nzima kama mitumba iliyomwagwa chini. Nikasema hii naiweka sawa leo leo.

Na kweli nikaiweka. Nyuma nikatandika picha ya barabara yenye miembe. Aikoni nikazifanya ndogo ndogo ili miembe ionekane, na ule mstari wa chini wenye saa nikaufanya ujifiche. Folda yake ya VYETI VYA WATU nikaitumbukiza ndani ya folda nyingine mbili. Shangazi aliipenda, akamwita hadi jirani aje aone.

Kesho yake nikiwa sokoni kufuata wino, simu ikaita. "Baba, CV ya yule kijana nimeihifadhi mwenyewe, sasa siioni. Gari lake linaondoka saa nane." Nikamwambia afungue ile folda ya njano. "Zote za njano, baba!"

Nilipofika, kijana alishaondoka kwenda kwenye usaili Nzega bila CV. Shangazi alikuwa amemrudishia hela yake, na mimi hakuniambia kitu. Bora angenisema.

Nikaanza kusoma. Mwaka 1995 watafiti wa Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, waliwaonyesha watu 252 mipangilio 26 ya skrini ya mashine ya kutolea fedha. Watu walielekea kuiona ile inayopendeza kuwa ndiyo rahisi kutumia, hata pale urahisi wenyewe haukuwepo. Ndiyo maana shangazi alisifu kwanza, akakwama baadaye. Hata wakubwa hukosea: Windows 8 ya mwaka 2012 ilitoka maridadi ila bila kile kitufe cha Start pale chini, watu wakalalamika, na mwaka uliofuata Windows 8.1 ikakirudisha.

Kosa la aikoni ndogo nalo lina maelezo ya zamani. Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kukifikia kitu kwa mkono huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali na kadiri kinavyokuwa kidogo. Ongeza hapo kipanya kilichochoka kama cha shangazi. Halafu maandishi meupe juu ya anga jeupe la picha yangu! Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba zana ya kufundishia isomeke hadi dawati la nyuma, nami nilikuwa nimechora chati ya kusomwa na mwalimu peke yake.

Nikarudia kazi. Miembe nikaibakiza, ila nikatafuta picha yenye kivuli kizito upande wa kushoto, aikoni zikapangwa hapo, kubwa, saba tu. Mstari wa chini ukarudi. Folda anazofungua kila siku zikatoka nje kabisa, kubofya mara mbili umefika. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikamwomba atafute mafaili matatu bila kuniuliza.

Mawili aliyapata haraka. La tatu akazunguka weee. Nilikuwa nimeiita folda SKANI, yeye siku zote husema "picha za vyeti". Nikabadilisha jina likawa hilo lake, akaipata kabla sijarudi kukaa.

Nilipokuwa naaga kurudi chuo nikaona ameshaongeza faili lake mwenyewe, MADENI, katikati kabisa ya skrini, juu ya mwembe mzuri kuliko yote. Nikataka kulisogeza pembeni. "Liache hapo hapo, baba," akasema, "hilo nataka kila nikiwasha linitazame."