Je, Wazee na Watoto Walipe Leseni ya Uvuvi?



Muhula uliopita tulikuwa na mjadala darasani. Neno lililobishaniwa lilikuwa hili: "Wazee na watoto wasilipe leseni ya uvuvi." Wenzetu wa Bwera, ambao samaki huwafikia sokoni akiwa amekwisha kaushwa au kutiwa chumvi, karibu wote walisema wasilipe. Wenzetu wa Katwe na Katunguru, ambao baba zao hutoa fedha hizo kila mwaka, walisema kila achukuaye samaki alipe, awe na mvi au awe na meno ya utoto. Kelele zilikuwa nyingi na hoja chache, na kengele ikalia kabla hatujapata jibu. Kwa hiyo nimeona yafaa tulichukue jambo hili polepole, hatua kwa hatua, kama tufanyavyo hesabu ubaoni.

1. LESENI NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani leseni ni kodi tu yenye jina jingine. Sivyo. Kodi hutozwa ili serikali ipate fedha. Leseni ni ruhusa, nayo ina kazi tatu. Kwanza, huhesabu: kwa leseni twajua ni watu wangapi na mitumbwi mingapi iko ziwani. Pili, huweka mpaka: ruhusa zikiisha kutolewa kwa hesabu iliyopangwa, mtu mwingine hangoji ila zamu yake. Tatu, huleta fedha za kulinda maji na kuangalia mialo.

Shikeni sana kazi hizi tatu. Katika mjadala wetu wote tulizungumza juu ya ile ya tatu, yaani fedha, tukazisahau mbili za kwanza. Ndiyo sababu hatukuelewana.

2. MAJI YA KWETU

Tuyatazame sasa maji yenyewe. Mito itokayo milima ya Rwenzori, kama Mubuku na Nyamwamba, huteremka mpaka Ziwa George. Ziwa hilo, ambalo mstari wa ikweta hulipita, ni dogo, lina ukubwa wa kilometa za mraba 250 hivi, tena kina chake ni kifupi mno: kwa wastani ni meta mbili na nusu tu. Maji yake hutoka kwa Mfereji wa Kazinga, hupita Katunguru, yakaingia katika Ziwa Edward. Hilo ni kubwa zaidi, lina kilometa za mraba 2,300 na zaidi, lakini sehemu kubwa yake imo katika Kongo. Huko huingia pia mto wetu wa Lhubiriha, upitao mpakani pale Mpondwe, karibu na Bwera.

Samaki wanaojulikana sana ni ngege, semutundu, kambale, na yule aitwaye mamba kwa Kiganda. Mgeni asiogope: huyo si mamba mla watu, ingawa yule mla watu naye yupo katika mfereji, pamoja na viboko wengi.

Maji haya yamekwisha tufundisha kwamba samaki si kama mchanga usiokwisha. Karibu na mwaka 1950 palijengwa kiwanda cha samaki Kasenyi, kando ya Ziwa George, kilichojulikana kwa jina la TUFMAC. Samaki wake walikwenda mbali, hata Kongo. Mwaka 1952 nchi iliyoyazunguka maziwa ikafanywa hifadhi ya wanyama, na vijiji vya wavuvi vikabaki ndani yake. Mwaka 1956 reli ikafika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na vinywa vya kula vikaongezeka. Baadaye nyavu za macho madogo ziliingia, zikavua samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Leo kiwanda hakipo tena, na wazee watawaambia wenyewe jinsi ngege alivyopungua ukubwa.

Basi ziwa fupi namna hii haliwezi kuachwa bila hesabu. Hapo wa Katwe walisema kweli.

3. HABARI YA BABU YANGU

Lakini nisikilizeni kidogo. Babu yangu alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Nguvu zilipompungukia aliuza mtumbwi, akabaki na mshipi na ndoana. Kila asubuhi aliketi kando ya maji, katika mwalo ambao sitautaja, akapata ngege wawili, siku nyingine mmoja, siku nyingine hapati kitu. Mmoja alikuwa wa chungu, mwingine wa kuuza apate sabuni na chumvi.

Siku moja akaja mtoza fedha, kijana wa mbali, ameshika kitabu cha stakabadhi.

"Mzee, leseni yako iko wapi?"

"Mwanangu, sina. Nilikuwa nayo wakati wa mtumbwi."

"Basi lipa, au niichukue ndoana."

Babu akasema, "Fedha sina, lakini jina ninalo. Niandike katika kitabu chako, mjue kwamba mimi huvua hapa."

Yule kijana akajibu, "Mzee, kitabu hiki hakiandiki jina lisilo na fedha." Akaikata ndoana, akaenda zake.

Nilikuwa nimesimama pale, nimevaa sare ya shule. Babu hakugombana. Alikunja mshipi wake akarudi nyumbani, na tangu siku ile hakurudi majini. Alikula kwa mikono ya watoto wake mpaka kufa, naye hakulipenda jambo hilo. Nawaomba myaangalie maneno yake. Hakuomba kuachwa nje ya sheria. Aliomba kuandikwa ndani yake.

4. WENGINE HUFANYAJE?

Nchi nyingi zimekwisha lifikiri jambo hili. Huko Florida, katika Marekani, mwenyeji aliyefika miaka 65 haitaji leseni ya kuvua, wala mtoto asiyefika miaka 16. Huko Texas, wazee waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 1931 huvua bila leseni. Katika jimbo la Ontario, Kanada, mwenyeji aliye chini ya miaka 18, na aliyefika miaka 65, hanunui leseni. Uingereza mtoto wa chini ya miaka 13 haitaji leseni; lakini tangu mwaka 2017 mwenye miaka 13 mpaka 16 hupewa leseni bure, naye lazima awe nayo. Mzee wa huko hulipa, ila hupunguziwa.

Je, tuige tu? Ngojeni kwanza. Watu hao wasamehewao huvua kwa fimbo na mshipi, wengi wao kwa ajili ya burudani siku ya mapumziko. Nchi hizo hazikumpa mzee ruhusa ya kutupa nyavu za biashara bure. Tukiuchukua mfano wao, tuuchukue mzima.

5. TUFANYE HESABU

Tuseme, kwa mfano tu, leseni ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kila mvuvi, na ngege mmoja auzwa shilingi 5,000. Leseni basi ni sawa na ngege 12.

Mwenye mtumbwi na nyavu hupata, tuseme, ngege 24 kwa usiku mmoja. Amekwisha lipa leseni ya mwaka kabla usiku mmoja haujapita nusu. Mzee wa ndoana hupata ngege wawili kwa siku, mmoja akamla, mmoja akamwuza. Atavua siku 12 kwa ajili ya leseni peke yake. Fedha ni zile zile, lakini mzigo si ule ule.

Sasa tugeuze upande wa pili. Kwa siku 300, mtumbwi utatoa ngege 7,200, na mzee mmoja atatoa 600. Yaani ndoana 12 ni sawa na mtumbwi mmoja. Ndoana 100 zisizoandikwa popote ni sawa na mitumbwi zaidi ya 8 ambayo hakuna aijuaye. Kwa hiyo hata mvuvi mdogo lazima ahesabiwe. Haba na haba hujaza kibaba, nayo haba na haba hulimaliza ziwa.

6. HATARI YA KUSAMEHE UMRI

Wengine watasema, "Basi tutunge sheria: kila aliyefika miaka 60 asilipe." Neno hili ni zuri masikioni, lakini lina tundu. Mzee mwenye mitumbwi mitano na vijana kumi wa kupiga makasia si maskini; kwa nini asamehewe, na kijana mwenye mtumbwi mmoja wa kukopa alipe? Tena, sheria ikipita leo, kesho kila mwenye mitumbwi ataiandika kwa jina la baba yake mzee. Mzee yuko nyumbani Bwera anaota jua, na mitumbwi mitano iko Ziwa Edward kwa jina lake! Serikali itapoteza fedha, na mzee wa ndoana hatapata faida yoyote.

Kwa hiyo tusiangalie mvi tu. Tuangalie na kilichomo mkononi. Chombo ndicho kisemacho kama mtu anavua biashara au anavua mboga.

Serikali yetu hutoa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wazee waliofika miaka 80. Ni jambo jema. Lakini kati ya miaka 60, ambapo mtu huitwa mzee, na miaka 80, kuna miaka 20 ya njaa. Ndoana ndiyo pensheni ya miaka hiyo kwa mtu wa mwaloni.

7. WATOTO JE?

Hapa nitasema neno ambalo huenda halitawapendeza baadhi yenu. Ya mtoto si sawa na ya mzee. Mzee huvua kwa kuwa nguvu zimekwisha; mtoto hutumwa kuvua kabla nguvu hazijaja. Tukimpa mtoto leseni ya bure ya mtumbwini, nani atafurahi? Ni mwenye mtumbwi, maana amepata mpiga makasia asiye na gharama. Sheria ya Watoto, ilivyorekebishwa mwaka 2016, yasema mtoto asiajiriwe kabla ya miaka 16. Usiku ziwani kuna baridi, dhoruba na viboko, na asubuhi yake mtoto husinzia darasani, kama afikapo darasani. Basi mtoto asipewe leseni ya mtumbwini kabisa, ya bure wala ya kulipa, na atakayemchukua ndiye atozwe faini.

Lakini mtoto aketiye ukingoni siku ya Jumamosi, mahali palipo salama, karibu na mtu mzima, akitafuta samaki wa chungu cha mama yake, huyo aachwe. Samaki mkunje angali mbichi: hapo ndipo afundishwe kumrudisha majini samaki mdogo, na kujua kwa nini nyavu za macho madogo ni wizi wa kesho yetu.

8. NANI AANDIKE?

Sheria ya Samaki iliyoanza mwaka 1951 ilitaka leseni, na sheria mpya ya mwaka 2022 juu ya uvuvi na ufugaji wa samaki imeshika njia hiyo hiyo. Swali ni nani atakayemjua mzee wa ndoana. Tangu mwaka 2003 kila mwalo ulikuwa na kamati yake. Mwaka 2015 Rais alizisimamisha kwa sababu ya malalamiko ya kuendekeza uvuvi mbaya, na tangu mwaka 2017 wanajeshi walitumwa kulinda maziwa. Mlinzi atokaye mbali aweza kumkamata mwenye nyavu mbaya. Lakini hawezi kujua yupi ni mzee maskini na yupi ni wakala wa mwenye mitumbwi. Wajuao hayo ni majirani. Kwa hiyo orodha ya wazee itungwe mwaloni, isomwe mbele ya watu wote, ndipo itiwe muhuri.

Kuandikwa kuna faida nyingine. Katika Ziwa Edward mpaka hauonekani juu ya maji. Julai mwaka 2018 majeshi ya nchi hizi mbili yalipigana risasi huko, na watu wakafa. Mwaka huo huo serikali mbili zikapatana juu ya uvuvi wa pamoja. Mtu mwenye cheti aweza kujieleza ni nani na atoka mwalo gani. Asiye na kitu ni mgeni hata nyumbani kwake.

9. JIBU LETU

Jibu langu basi ni hili. Mwenye mtumbwi alipe, awe kijana au mzee. Mzee wa ndoana asilipe, lakini aandikwe na apewe cheti cha bure. Mtoto asiingie mtumbwini kwa kazi. Akivua ukingoni kwa ajili ya nyumbani, asitozwe. Na nyavu mbaya zisisamehewe kwa mtu yeyote, hata akiwa na miaka mia.

Upande wa Bwera ulishinda nusu, na upande wa Katwe nusu. Babu yangu peke yake ndiye aliyeshinda yote, naye hakupata kusoma shule.

MASWALI

1. Taja kazi tatu za leseni. Ni ipi itabaki kama leseni itatolewa bure?
2. Ikiwa mzee wa ndoana hupata ngege watatu kwa siku, akala mmoja, atavua siku ngapi ili alipe leseni ya mfano wetu?
3. Kwa nini si vema kusamehe kila mtu aliyefika miaka 60?
4. Eleza tofauti kati ya mtoto wa ukingoni na mtoto wa mtumbwini.
5. Waulize wazee wawili wa kwenu: ngege wa zamani alikuwa na ukubwa gani? Andika majibu yao, uyalete darasani. Mjadala utarudiwa, na safari hii hoja zitangulie kelele.